Ngiri Inayojificha

Katika barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, ambayo kijiji cha Kalengera kimo kandokando yake, vijana husukuma mchana kutwa chukudu za mbao zilizosheheni makaa, viazi na kabichi. Na hakosekani miongoni mwao, wala miongoni mwa wakulima, mtu mwenye uvimbe wa kinenani unaotokeza asimamapo na kutoweka alalapo, naye huusitiri kwa haya mpaka siku utakapomlaza kwa maumivu.

Aghalabu uvimbe huo ni ngiri. Ukuta wa tumbo una mahali pake dhaifu, kama vile kinenani, kitovuni na penye kovu la upasuaji wa zamani, na udhaifu ukizidi, mafuta au kipande cha utumbo hujipenyeza nje. Wala si insafu kuutupia mzigo lawama yote, kwani wanaume wengi wamezaliwa na upenyo wa kinenani usiojiziba sawasawa. Mizigo, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni huongeza tu shinikizo.

Amma katika kuitambua, mkono wa tabibu ndio utanguliao: mgonjwa husimama, hukohoa, na tabibu huhisi kitu kikigonga kidole chake. Ngiri iliyo dhahiri namna hiyo aghalabu haihitaji picha. Taabu ni kwa mwenye maumivu pasipo uvimbe, au mwenye mwili mnene, au mwanamke ambaye ngiri yake imejificha kwenye paja, ubavuni mwa mshipa mkubwa wa damu.

Hapo ndipo ifaapo ekografia, ambayo hupeleka mwilini sauti isiyosikika, yenye mitetemo mamilioni kwa sekunde, na kuugeuza mwangwi wake kuwa picha, bila mionzi yenye madhara, kwa mashine ambayo siku hizi yaweza kubebwa mkononi. Tabibu hupaka jeli baridi kinenani, huweka kishikio cha mashine, kisha husema: "Papa, funga pumuzi, jikaze kama uko chooni." Mara kwenye kioo utumbo huonekana ukiteleza, na upande upitao, kwa kulinganishwa na mshipa mdogo wa damu wa ukuta wa tumbo, humjulisha tabibu aina ya ngiri. Kujikaza huko kumepewa jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Kiitalia aliyefariki mwaka 1723, na bila kujikaza picha yaweza kukanusha ngiri iliyopo. Kwa hiyo ripoti isiyotaja kama mgonjwa alijikaza, na kama alisimamishwa, kwa rai yangu haijatimia.

Skana (CT), iliyovumbuliwa na Godfrey Hounsfield na kutumiwa kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, hufaa zaidi kwa ngiri kubwa za makovu na kwa utumbo ulioziba, illa ina gharama kubwa na mionzi, na ni adimu mbali na miji.

Lakini uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani, na mgonjwa akatapika au akashindwa kutoa hewa, yamkini utumbo umebanwa na unakosa damu, nao waweza kufa kwa muda wa saa chache. Msomaji, mtu wa namna hiyo usimngojeshe foleni ya picha: mpeleke saa ile ile hospitali yenye daktari wa upasuaji, iwe ya Rutshuru au ya Goma, ile iliyo karibu nawe.