Mti Usio na Jina Hauna Mlinzi

Askari hawezi kulinda kitu asichokitambua. Kanuni hiyo ya lindo ndiyo pia msingi wa kazi ya wataalamu wa mimea katika misitu ya nchi jirani ya Kenya.

Familia ya mimea yenye mparachichi na mdalasini ina pia miti mikubwa ya mbao inayoota milimani. Mmojawapo ni mkulo, ambao Wakikuyu huuita muthaiti, na ambao mbao zake hunukia kafuri. Mkulo huota Usambara, Kilimanjaro na Mlima Kenya. Lakini katika misitu ya nchi hizi mbili upo mti mwingine wa jamaa hiyo, ambao mpita njia aweza kuudhania kuwa ni huo huo.

Mwaka 1935 Mwitalia Emilio Chiovenda aliutangaza mti huo wa pili kuwa spishi mpya, katika kitabu chake kuhusu mimea iliyokusanywa Kenya na wamisionari wa Consolata. Aliuweka katika jenasi ya Tylostemon. Mwaka 1949 Robyns na Wilczek, huko Ubelgiji, waliuhamishia katika jenasi ya Ocotea, ukaitwa Ocotea kenyensis. Mti wenyewe haukubadilika hata jani. Kilichobadilika ni ujuzi wa binadamu.

Uamuzi wa namna hiyo hautolewi kwa kukisia. Tawi lenye majani, maua au matunda hukatwa, hubanwa na kukaushwa, kisha huandikiwa mahali, tarehe, mwinuko na jina la mkusanyaji. Ua hupasuliwa chini ya kioo cha kukuzia. Katika Ocotea, kila kifuko cha chavua kina vyumba vinne vinavyofunguka kwa vilango vidogo, na tunda hukaa katika kikombe. Katika jenasi ambayo mti huo ulitolewa, vyumba ni viwili na kikombe hakipo. Majani nayo hutoa ushahidi: ya mkulo ni meupe-meupe upande wa chini, ya mwenzake ni ya kijani.

Baadaye tawi hilo hulinganishwa na mengine katika hifadhi ya mimea mikavu, kama ile ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa Amani, Tanga, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Likionekana kuwa halina mfano, huteuliwa kuwa kielelezo rasmi, na jina jipya huchapishwa pamoja na maelezo yake.

Faida ya jina ilionekana mwaka 1999. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege katika Mlima Kenya ulibaini kuwa zaidi ya mikulo 6,700 ilikuwa imekatwa kinyume cha sheria. Mwaka uliofuata, ulinzi wa msitu huo ulikabidhiwa Shirika la Wanyamapori la Kenya. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu mkulo unajulikana. Mti usiojulikana ukikatwa hauingii katika hesabu yoyote, wala hakuna anayeshtakiwa kwa ajili yake.

Askari anayesimamisha lori la magogo kizuizini hukuta shina tupu, lisilo na jani wala ua. Ushahidi mwingi umekwisha kuachwa msituni. Ndiyo maana kazi ya kuutambua mti hufanywa ungali umesimama.