Watu Watano Mara Nne

Bustani ya nyumbani haihitaji miaka mingi kugeuka pori. Mwenye nyumba akiugua msimu mmoja, akihamishwa kikazi, au mzee aliyekuwa akiihudumia akiishiwa nguvu, masika moja na vuli moja vinatosha. Nyasi zinafika kiunoni, lantana inaziba njia ya kwenda bafuni, na mahali palipokuwa na matuta ya mchicha hapatambuliki tena. Ndugu na marafiki wakiona hali hiyo huwa na wazo jema kabisa: tukutane Jumamosi, tuje wote na mapanga, tuimalize mara moja, tule, tutawanyike. Kufikia jioni uwanja ni mweupe na picha zimeshatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Wiki sita baadaye magugu yamerudi, mara nyingine mazito kuliko mwanzo, na safari hii haitwi mtu, maana mwenye nyumba anaona haya kuwaambia watu ishirini kwamba jasho lao limepotea.

Naona hapo ni hesabu iliyokosewa. Watu ishirini wakifanya kazi siku moja, na watu watano wakifanya kazi siku nne, jumla ya nguvu ni ileile. Kwa kumwaga zege la msingi, ishirini wa siku moja ndio wanaofaa, kwa kuwa zege halingoji. Bustani iliyovamiwa inataka wale watano, tena wenye kurudi, na sababu yake iko chini ya udongo, mahali ambapo panga halifiki.

Tuanze na ndago. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walichapisha kitabu kuhusu magugu sumbufu kuliko yote duniani, na ndago ndiyo waliyoiweka nafasi ya kwanza. Kinachoonekana juu ni majani membamba yenye kung'aa. Utajiri wake umefukiwa: viazi vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi ngumu, vingi vikiwa katika sentimita 15 za juu za udongo. Ukifyeka majani, kiazi kinatoa mengine kwa akiba yake. Ukivuta kwa nguvu na uzi ukakatika, viazi vilivyokuwa vimelala kwa kuzuiwa na mwenzao aliye juu navyo vinaamka, kwa hiyo palipokuwa na shina moja yanatoka matatu. Lakini ndago ina udhaifu mmoja. Chipukizi linahitaji kama wiki tatu au nne kabla ya kuanza kuunda viazi vipya. Likikatwa au kung'olewa kabla ya muda huo, kiazi mama kimeshatumia akiba na hakijarudishiwa chochote. Likirudiwa tena na tena, akiba inakwisha. Hakuna nguvu ya siku moja, hata iwe ya kijiji kizima, inayoweza kufanya kazi ya zile wiki tatu tatu.

Sangari, adui mkubwa wa wakulima wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ina hila tofauti. Mashina yake hutambaa chini ya ardhi, na kila kifundo kinaweza kuwa mmea kamili. Mtu akiipiga jembe la kawaida kwa bidii, anaikatakata na kuipanda upya bila kujua. Wapige ishirini kwa pamoja, wakishindana nani atafika mwisho wa mstari kwanza, na shamba la sangari limeongezwa. Kinachotakiwa ni jembe uma, linaloinua udongo bila kukata, na mtu wa kuinama nyuma yake akichambua kamba moja baada ya nyingine na kuzitupa juani zikauke. Wawili wawili, polepole, huku wakizungumza. Ni kazi ya kuchosha mgongo kwa aliye peke yake, ila kwa wawili waliozoeana inakwenda vizuri tu.

Halafu kuna mbegu. Shina moja la kishona nguo huweza kutoa mbegu 3,000 au zaidi. Gugu karoti, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010, hutoa zaidi ya 10,000. Mbegu hizo hazioti zote kwa pamoja. Mwaka 1879 Profesa William James Beal alifukia chupa 20 huko Michigan, Marekani, zenye mbegu za aina 21 za mimea, ili watakaomfuata wawe wanazifukua moja moja na kujaribu kuziotesha. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021, baada ya miaka 142, bado ilikuwa na mbegu zilizo hai. Udongo wetu wenye joto na unyevu huozesha mbegu nyingi mapema zaidi ya ule wa Michigan. Hata hivyo bustani iliyoachwa kwa misimu miwili ina akiba ya kuisumbua familia kwa miaka. Tena mbegu nyingi ndogo hungoja mwanga ndipo ziote. Kila jembe linalogeuza udongo linazileta juu, kwenye jua, zikiwa tayari.

Hapo ndipo siku kubwa ya watu ishirini inapoharibu zaidi. Inafungua ardhi yote kwa saa sita kisha inaiacha uchi. Kanuni ninayoitetea ni hii: usifungue eneo usiloweza kulifunika siku hiyohiyo. Kufunika maana yake ni kutandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, makuti, majani ya mgomba au pumba za mpunga kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ikiwezekana juu ya maboksi yaliyofunguliwa na kuloweshwa maji. Kwa wanaodhani hili ni jambo dogo, wapige hesabu. Mita 10 za mraba kwa unene wa sentimita 10 zinataka mita moja ya ujazo ya matandazo, yaani toroli kumi na mbili au zaidi, kwa kipande cha ardhi kisichozidi chumba cha kulala. Msaada wa marafiki unahitajika hapa kuliko kwenye kufyeka: mmoja ana pikipiki ya mizigo, mwingine anamfahamu mwenye mashine ya kukoboa mpunga, wa tatu anafanya kazi kwenye duka linalotupa maboksi. (Ndago hutoboa boksi, na hata nailoni. Yenyewe ichimbwe.)

Kuna na hasara ya wingi ambayo haisemwi sana. Bustani iliyojaa pori haijajaa takataka tupu. Ndani yake mna mnavu na mgagani vilivyojiotea, mchaichai uliomezwa na nyasi, pengine mche wa mlonge. Mtu mwenye panga na haraka hatofautishi. Huko Kilimanjaro, ambako kihamba ndiyo bustani yenyewe ya nyumbani, miti ya kivuli iko juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na maboga au magimbi karibu na ardhi. Kivuli hicho ndicho kinachoyanyima magugu jua. Kihamba kilichoachwa na wenyewe waliohamia mijini, kikafyekwa chote kwa mkupuo wakati watu wamerudi nyumbani Desemba, kinapoteza mlinzi wake, na Januari kikibaki hakina mtu, nyasi zinakitawala. Hata mibuni iliyozeeka na kurefuka ovyo haifai kung'olewa kwa hasira. Ikikatwa na kuachwa kisiki cha sentimita 30 hadi 45, huchipua, na ukichagua machipukizi mawili au matatu yenye afya unapata mti mpya juu ya mizizi ya zamani. Maamuzi kama haya yanamtaka mwenye bustani awe karibu na kila anayemsaidia. Watu watano anaweza kuwaelekeza. Ishirini watamwelekeza wao.

Utaratibu wa watu wachache wanaorudi haukuletwa na wataalamu wa kilimo. Wakikuyu wana ngwatio, kikundi kinacholima leo kwa huyu na kesho kwa yule mpaka zamu izunguke. Wakamba wana mwethya. Wapare wana msaragambo, ambao kwa vizazi umesafisha mifereji na ndiva, yale mabwawa ya kuhifadhi maji ya umwagiliaji milimani. Historia ya Machakos inafundisha kitu zaidi. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, nao wakaichukia kazi hiyo. Miaka ya 1950, walipoachiwa wafanye kwa mwethya, chini ya viongozi waliowachagua wenyewe, matuta yaliongezeka kwa kasi. Ardhi ilikuwa ileile na majembe yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba kila aliyechimba kwa jirani alijua jirani atakuja kwake.

Wapo watakaosema: kwa nini kujisumbua, si nitafute kibarua? Mwenye pesa na atafute, ni riziki ya mtu. Ila aangalie anavyomlipa. Kibarua anayelipwa kwa kipande hana sababu ya kuchimbua viazi vya ndago. Analipwa eneo likionekana safi, na panga linalisafisha upesi kuliko uma. Wala hana kosa, maana mkataba ndivyo unavyosema. Alipwe kwa awamu, kila awamu kwa kurudi eneo lilelile, na matokeo yatakuwa mengine kabisa. Wengine watauliza kuhusu dawa ya kuua magugu. Glifoseti, inayouzwa katika kila duka la pembejeo, hupenya kupitia majani hadi kwenye mizizi, kwa hiyo inaua kweli; lakini kiazi cha ndago kilicholala bila jani haikifikii, na itabidi kupuliza tena. Machi 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, ilhali mamlaka ya mazingira ya Marekani inashikilia kuwa haina hatari hiyo ikitumiwa kwa maelekezo. Sitaamua ugomvi wao. Nasema tu kwamba penye kuku wanaoparua na watoto wanaocheza mchanga, ningechagua njia nyingine maadamu ipo. Na mbuzi? Atakula nyasi kwa furaha, lakini lantana humdhuru ini, na mizizi hagusi.

Pingamizi zito ni la nne: marafiki wa siku hizi hawarudi. Wana kazi, wana foleni, wana vikao vya harusi. Ni kweli, na ndiyo maana nasisitiza watano badala ya ishirini, tena kwa zamu badala ya hisani. Anayekuja kukusaidia bure mara ya kwanza ni mwema. Mara ya tatu anajisikia kutumiwa, hata asiposema. Anayejua kwamba baada ya bustani yako inafuata paa la banda lake au shamba la mama yake ana sababu ya kurudi. Asiye na bustani alipwe kwa anachohitaji: kushonewa sare za watoto, kufundishiwa mwanawe hesabu. Na chakula kiwe cha kikoa, kila mtu na chake. Pilau ya watu ishirini imewafanya wengi waahirishe kuomba msaada mpaka pori likafika dirishani.

Awamu zipangwe kwa kufuata mvua. Ya kwanza iwe mwisho wa kiangazi, kabla ya vuli, wakati mizizi iliyofukuliwa inakauka juani badala ya kushika tena. Ya pili iwe wiki tatu baada ya mvua kuanza, magugu yakiwa yamechipua na hayajajijenga. Ya tatu iwe wiki tatu nyingine mbele. Ya nne ni ya kukamata yaliyoponyoka kabla hayajatoa maua, na kupanda kitu cha kushika ardhi: matembele, maboga, kunde. Ardhi isiyopandwa itapandwa na kishona nguo.

Siku ya kwanza watu wavae buti na suruali ndefu, wapige nyasi kwa fimbo kabla ya kuingia, na waanzie pembeni wakielekea katikati ili nyoka apate njia ya kutoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu milioni 5.4 huumwa na nyoka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba, atulizwe na akimbizwe hospitali. Anayeng'oa gugu karoti avae glavu na kufunika pua, na mwenye pumu apewe kazi nyingine. Vifuu vya nazi, makopo na matairi yaliyojificha majanini viokotwe kwanza kabla ya yote, kwa kuwa mbu wa dengue huzaliana humo, na Dar es Salaam iliupata ugonjwa huo kwa wingi mwaka 2014 na tena 2019.

Kama umeshaandika majina ya watu ishirini kwa ajili ya Jumamosi ijayo, punguza. Waite watano, anza na kipande mnachoweza kukifunika kabla ya adhuhuri, na kabla hawajanawa mikono mkubaliane tarehe ya kurudi, isizidi wiki tatu.