Malaika wa Riwaya na Wazazi Waliomtafuta Makaburini

Wasomaji wa riwaya za sikukuu hutarajiwa kufanya mambo machache yanayojulikana: kutokwa na machozi pale mwandishi alipokusudia yatoke, kumwazima jirani kitabu, kumwandikia mtunzi barua ya shukrani au ya lawama, kisha kusubiri kitabu kingine mwaka ujao. Wasomaji wa The Christmas Box, riwaya fupi ya Mmarekani Richard Paul Evans iliyoanza kuenea mwaka 1993 kutoka mji wa Salt Lake City, jimboni Utah, walifanya yote hayo, lakini baadhi yao waliongeza jambo ambalo wahakiki hawajalizoea. Walikwenda makaburini na kuuliza ilipo sanamu ya malaika inayotajwa kitabuni. Hawakwenda kutalii wala kupiga picha. Walikwenda na maua, kwa kuwa walikuwa wazazi waliofiwa na watoto, na walichokuwa wakikitafuta ni mahali pa kulilia.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu linaipita nadharia iliyozoeleka ya mwitiko wa msomaji, yaani ile inayoshikilia kwamba maana ya kazi ya fasihi haimo katika maandishi peke yake bali huzaliwa pale msomaji anapoyakutanisha na maisha yake. Louise Rosenblatt, mwanazuoni wa Marekani, aliieleza hoja hiyo tangu mwaka 1938, na hakuna anayeshughulika na usomaji leo anayeweza kuipuuza. Hata hivyo msomaji wa Rosenblatt na wa wale waliomfuata kwa kawaida ameketi kitini, kitabu kikiwa mkononi, na yote yanayotokea yanatokea moyoni mwake. Msomaji anayekifunga kitabu, akavaa koti la baridi na kwenda kumuuliza msimamizi wa makaburi juu ya sanamu iliyomo katika hadithi ya kubuni, ni mtu wa aina nyingine, na hadithi iliyomtoa nyumbani kwake inapaswa kuchunguzwa upya hata na wale waliokwisha kuihukumu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kijana mwenye mke na binti mdogo, aliyezama katika biashara hata haioni tena familia yake, anahamia katika jumba la mjane mzee, MaryAnne Parkin, ili yeye na mkewe wamsaidie kazi za nyumbani. Huko darini anakuta kisanduku cha mbao kilichonakshiwa, cha namna ambayo familia huhifadhia kumbukumbu za Krismasi, na ndani yake mna barua ambazo mjane huyo alimwandikia mtoto wake aliyefariki akingali mdogo. Katikati ya yote hayo kuna picha ya mama anayelia miguuni pa malaika wa jiwe. Wahusika wengine hawana kina kirefu, na msomaji mzoefu huuona mwisho kabla haujafika. Haya ni makosa ya kweli, na kuyaficha si kukitendea kitabu haki. Lakini picha ya mama na malaika, isiyochukua ila sehemu ndogo ya kisa, ndiyo iliyofanya kazi ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ustadi mkubwa zaidi havijawahi kuifanya.

Historia ya uchapishaji wake inafahamika na inaweza kusimuliwa kwa kifupi. Evans, ambaye wakati huo alifanya kazi ya matangazo ya biashara, aliwaandikia binti zake wawili hadithi hiyo ili wajue kiasi anachowapenda, na kwa Krismasi ya mwaka 1992 alichapisha nakala 20 za kuwagawia ndugu na marafiki. Nakala zikaazimwa na kupita mkono hadi mkono, maduka ya vitabu yakaanza kuulizwa kitabu ambacho hayakuwa nacho, na kwa kuwa wachapishaji walikikataa, mwaka uliofuata alikichapisha mwenyewe. Mwaka 1995 kampuni ya Simon & Schuster ilinunua haki kwa dola za Marekani milioni 4.2, kitabu kikashika nafasi ya kwanza katika orodha za gazeti la New York Times kwa jalada gumu na jalada jepesi kwa wakati mmoja, na filamu ya televisheni ikatoka mwaka huohuo, Maureen O'Hara akiigiza nafasi ya mjane.

Katika masimulizi ya Evans mwenyewe, ambayo ameyarudia kwa miaka mingi mbele ya hadhira mbalimbali, mafanikio hayo si kiini cha habari. Kiini ni mama yake. Evans anaeleza kwamba alipokuwa bado mtoto mdogo, mama yake alijifungua mtoto wa kike ambaye tayari alikuwa amefariki, na kwamba baadaye alimkuta mama huyo akilia peke yake, bila yeye kufahamu kinachomliza. Anasimulia kwamba alipokuwa akiandika hadithi hiyo usiku, alihisi kana kwamba dada huyo, ambaye hakupata kumwona, yu karibu naye, na hapo ndipo alipotambua kuwa kitabu alichodhani ni cha binti zake kilikuwa pia cha mama yake. Akakitabaruku kwa dada huyo. Mtu anaweza kuyapokea masimulizi hayo kwa imani ya dini, kwa kuwa Evans ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo hufundisha kwamba familia haivunjwi na kifo, au anaweza kuyapokea kama maelezo ya kisaikolojia juu ya huzuni iliyokaa nyumbani bila kutajwa jina. Kwa vyovyote vile, yanaeleza ni kwa nini mama wa riwaya alipewa mahali pa kulilia ambapo mama wa mwandishi hakuwa napo.

Ni lazima hapa ikumbukwe jinsi hospitali za Marekani, na za nchi nyingine nyingi za Magharibi, zilivyoshughulikia vifo vya namna hiyo katikati ya karne ya 20. Mtoto aliyezaliwa amekufa aliondolewa haraka, mara nyingi mama asimwone wala kumshika, mazishi yakapangwa na wengine au yasiwepo kabisa, na mama akashauriwa arudi nyumbani, asahau, ashike mimba nyingine. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema, na ulikuwa ukatili. Vyama vya wazazi waliofiwa vilianza baadaye: The Compassionate Friends kilianzishwa Uingereza mwaka 1969 na kuvuka bahari baada ya miaka michache, kingine kiitwacho Share kikaanza Marekani mwaka 1977, na mwaka 1988 Rais Ronald Reagan akautangaza mwezi Oktoba kuwa mwezi wa kuwakumbuka watoto waliofia tumboni na wachanga. Kwa hiyo kitabu cha Evans kiliwafikia wanawake wengi wenye umri mkubwa ambao walikuwa wamebeba msiba kwa miaka 30 au 40 bila kaburi, bila picha, na pengine bila mtu wa kumtajia jina la mtoto. Walipouliza malaika yuko wapi, hawakuwa wamechanganya hadithi na ukweli, kama mtu mwenye haraka anavyoweza kudhani. Walikuwa wanadai kaburi.

Swali lao lilimfikia Evans, na jibu alilolitoa ndilo sehemu ya habari hii inayomng'ang'ania mtu asiweze kuiacha. Kwa maelezo yanayotolewa na waangalizi wa kumbukumbu hiyo, malaika wa jiwe aliwahi kuwapo katika makaburi ya mji ila inadhaniwa aliharibiwa, hivyo wazazi waliokuja na maua hawakukuta kitu. Badala ya kuwajibu kwamba riwaya ni riwaya, Evans aliagiza malaika mwingine atengenezwe. Kazi ilifanywa na wachongaji wawili, baba na mwana, Ortho Fairbanks na Jared Fairbanks, kwa bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati ambao kwa karne nyingi umetumika kutengenezea sanamu zinazokusudiwa kustahimili mvua na theluji.

Sanamu hiyo haifanani na malaika wakubwa wanaosimama juu ya makaburi ya matajiri, wenye nyuso za watu wazima na macho yaliyoelekezwa mbinguni. Huyu ni mtoto. Uso wake ulifinyangwa kwa kufuata uso wa binti wa pili wa Evans, mmoja wa wale wawili ambao hadithi iliandikwa kwa ajili yao, na mikono yake imenyooshwa mbele kama ya mtoto anayesubiri kubebwa. Mzazi anayefika kuweka ua hatazamwi kutoka juu. Anasimama mbele ya kimo ambacho mikono yake inakifahamu, au ambacho mikono yake haikupata nafasi ya kukifahamu. Kisha liko bawa la kulia. Katika mistari ya manyoya yake wachongaji walificha neno moja la Kiingereza, hope, maana yake tumaini, kwa herufi ambazo jicho la haraka huzipita likidhani ni manyoya tu, na ambazo mtu huziona akikaa, akitulia, akitazama tena. Wangeweza kuliandika neno hilo chini ya sanamu kwa herufi kubwa, kama maandishi ya makaburini yanavyoandikwa, na lisingekuwa na nguvu hata kidogo, kwa kuwa mfiwa wa siku ya kwanza hawezi kuambiwa atumaini. Waliliweka mahali ambapo ni yule tu anayerudi mara ya pili na ya tatu atakutana nalo.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 6 Desemba 1994, siku ambayo ndani ya riwaya ni siku ya kifo cha mtoto wa mjane, na ambayo katika kalenda ya Kanisa Katoliki ni sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, msimamizi wa watoto. Tarehe hiyo ina umuhimu wa pekee kwa anayetaka kupima nia ya mwandishi, kwa sababu ilitangulia mkataba wa mamilioni. Malaika alikuja kwanza, fedha zikafuata. Baada ya hapo miji mingine iliomba sanamu kama hiyo, na leo zipo zaidi ya 100 ndani na nje ya Marekani, nyingine zikizungukwa na matofali yaliyochongwa majina ya watoto.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kuielewa habari hii bila kufafanuliwa sana. Lugha yake humwita mtoto mchanga malaika, si kwa mfano wa kishairi tu bali kwa maana iliyosajiliwa katika kamusi. Lugha hiyohiyo ina neno kufiwa, ambalo sarufi yake inakifanya kifo kuwa jambo linalompata aliyebaki na si aliyeondoka peke yake, hivyo mama aliyefiwa na mtoto wa siku moja ni mfiwa kamili, sawa na aliyefiwa na mzazi wa miaka 80. Lakini desturi mara nyingi haiendi na sarufi. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki mtoto aliyezaliwa amekufa huzikwa kimyakimya na watu wachache, matanga hayawekwi, na mama huambiwa kwamba bado yu kijana, Mungu atampa mwingine. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba kila mwaka karibu watoto milioni 2 duniani huzaliwa wakiwa wamekufa baada ya mimba kufikisha wiki 28 au zaidi, na karibu nusu yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Idadi ya mama walioambiwa maneno hayo haihitaji kukadiriwa na mtaalamu.

Evans ameendelea kuandika vitabu vya Krismasi, na mara nyingi ameichanganya huzuni na mapenzi kwa uwazi zaidi. The Noel Diary, ya mwaka 2017, inamrudisha mwandishi mashuhuri nyumbani kwa mama yake aliyefariki, ambako anakutana na binti anayemtafuta mama aliyemzaa, na mapenzi yanachipuka kati ya watu wawili wanaopekua vitu vya marehemu. Netflix iliigeuza kuwa filamu mwaka 2022. Ni kitabu kilichosukwa vizuri kuliko kile cha kwanza. Hata hivyo hakikumtoa mtu nyumbani kwenda kutafuta kitu ambacho hakipo, na tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa ustadi wa uandishi.

Yapo maswali ambayo habari hii inayaacha wazi. Ikiwa malaika wa zamani kweli alikuwapo, alisimamishwa na nani, na kwa ajili ya mtoto gani? Kwa nini mazungumzo haya yote yamekuwa ya mama, ilhali riwaya iliandikwa na baba, inasimuliwa na baba, na wako wanaume waliosimama mbele ya sanamu hiyo bila kuwa na la kusema? Na mzazi asiye Mkristo, ambaye Desemba kwake ni mwezi kama mingine, apewe kitabu gani na sanamu gani?

Katika makaburi ya Salt Lake City wafiwa hukusanyika kila tarehe 6 Desemba, saa moja jioni, wakiwa na mishumaa, katika majira ambayo kwa kawaida yana baridi na giza limekwisha kuingia. Kila mmoja huleta ua jeupe, akaliweka miguuni pa mtoto wa bronzi.