Mtambo Ukinyamaza, Uulize

Fundi wa Kibara akiletewa redio isiyoshika stesheni, ana fumbo la kutegua: mbovu ni redio, au mawimbi hayafiki vizuri huku kando ya Ghuba la Speke? Maabara hutegua fumbo hilo kwa jenereta ya mawimbi. Hii haizalishi umeme wa kuwashia taa. Ni mtambo wa mezani unaotoa wimbi la redio kwa masafa na nguvu utakayotaka, tuseme MHz 95 kwa dBm -60. Hiyo ni sehemu moja ya bilioni ya wati, na redio nzima ya FM huipokea bila shida.

Zamani mtambo huo uliongozwa kwa kuzungusha vifundo. Leo huongozwa na kompyuta kwa waya wa USB au kwa mtandao, hata mtu akiwa Kibara na mtambo uko maabara ya Mwanza. Ugumu ni kwamba aliye mbali haoni kioo wala taa za mtambo. Anachokijua ni kile alichouliza tu.

Lugha ya kuuliza ina historia ndefu. Kampuni ya Hewlett-Packard ilibuni njia ya kuunganisha vyombo vya vipimo mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975. Amri za pamoja zikawekwa mwaka 1987, na mwaka 1990 ikaja lugha ya SCPI, ambayo watengenezaji wengi wanaifuata hadi leo.

Kanuni yake ni nyepesi: amri haijibiwi, swali hujibiwa, na swali huishia kwa alama ya kuuliza. Ukituma FREQ 95MHZ, mtambo unanyamaza. Ukituma FREQ?, unajibu 9.5E+07, yaani Hz 95,000,000. Aliyezoea kubonyeza *150*00# ili ajue salio lake hatapata taabu hapa.

Mtego uko kwenye ule ukimya. Ukikosea ukaandika 95GHZ kwa mtambo unaoishia GHz 3, husikii kelele yoyote. Programu yako inaendelea kupima huku wimbi likiwa si ulilolitaka.

Kwa hiyo anza na *IDN?, inayotaja mtengenezaji, modeli, namba ya mtambo na toleo la programu yake. Tuma mpangilio wako, kisha *OPC?, ambayo hujibu 1 kazi ikikamilika. Uliza masafa kwa FREQ? na nguvu kwa POW?, halafu OUTP?: 1 ni kwamba wimbi linatoka, 0 limezimwa. Mara nyingi masafa na nguvu huwa sahihi, kumbe njia ya kutokea imefungwa. Malizia kwa SYST:ERR?. Jibu la -113 ni amri isiyojulikana; -222 ni thamani iliyovuka mipaka. Makosa hukaa kwenye foleni, la zamani likitangulia, basi rudia kuuliza hadi upate 0.

Kuna pia *ESR?, inayojumlisha makosa katika namba moja. Ikijibu 48, ni 32 ya amri iliyoandikwa vibaya na 16 ya amri iliyoshindikana kutekelezwa. Lakini kuisoma ni kuifuta. Programu mbili zikiuliza mtambo mmoja, ya kwanza huondoka na habari, ya pili hupata 0 na kudhani mambo ni shwari. Iachie programu moja kazi hiyo, nayo iandike kila jibu.

Hata hivyo, mtambo hujibu yanayoihusu nafsi yake tu. Waya wa kupeleka wimbi kwenye redio ukiwa mbovu, POW? itasema -60 vilevile. Wala hautakuambia kama mtu ameuchomeka kwenye antena, ukaanza kurusha kwenye masafa ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imempa mwingine. Hayo hayana amri ya kuyauliza. Mpigie simu aliye maabara ayakague kabla hujatuma OUTP ON.