Je, Wajua? Mzee Naye Ana Utepe Wake

Katika vituo vya afya vya makazi ya wakimbizi karibu na Arua, mtoto huzungushiwa utepe wa rangi mkononi. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na lishe huanza. Bibi aliyemleta mara nyingi hapimwi kwa utepe wowote. Akikonda, sisi wa Oli, mjini Arua, tunasema ni uzee tu.

Basi mzee hupimwa shavu la mguu, pale lilipojaa zaidi. Likiwa chini ya sentimita 31, huenda misuli yake imepungua. Utepe wa fundi cherehani unatosha.

Kukonda huko kuna uzito zaidi mzee anaposubiri kupasuliwa saratani. Mwaka 1936 daktari mpasuaji wa Cleveland, Marekani, Hiram Studley, alifuatilia wagonjwa waliopasuliwa vidonda vya tumbo. Waliopoteza asilimia 20 au zaidi ya uzito wao kabla ya upasuaji, mmoja kati ya watatu alifariki. Kwa wengine vifo vilikuwa asilimia 3.5. Mzee wa kilo 60 akipungua 12, amefika hapo.

Sababu ni kwamba kidonda cha upasuaji hufungwa kwa protini, na mgonjwa asiyekula huichota kwenye misuli yake mwenyewe, pamoja na ile ya kupumulia na kukoholea. Ndiyo maana nimonia humwinda. Wala kitambi si kinga: mtu anaweza kuwa mnene huku misuli ikiyeyuka chini ya mafuta.

Je, wajua kwamba daktari Denis Burkitt, ambaye jina lake limepewa saratani ya watoto iliyochunguzwa sana hapa West Nile, hasa hospitali ya Kuluva, baadaye alisifika duniani kwa kuhubiri vyakula vyenye nyuzinyuzi? Ushauri mzuri kwa mwenye afya. Lakini mzee aliyekonda akishibishwa mboga za majani na enyasa (ugali wetu) tupu, tumbo hujaa kabla misuli haijapata kitu. Mwekee simsim ya kusagwa kwenye uji, yai, maharage, angara (samaki wa kukaushwa) iliyolowekwa chumvi ikatoka. Kidogokidogo, mara 5 au 6 kwa siku.

Miongozo ya wataalamu wa Ulaya husema aliyedhoofika sana alishwe siku 7 hadi 14 kwanza, hata kama upasuaji wa saratani utasogezwa. Lengo ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mayai peke yake hayatafika. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Kosa jingine letu ni kumfungisha mzee tangu siku moja kabla ya upasuaji. Kwa kawaida chakula husitishwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji saa 2 tu.

Una mzee nyumbani? Mpime leo, uandike sentimita, kilo na tarehe nyuma ya kadi yake ya hospitali.