Ukipenda albamu, itaje: msanii anakutegemea

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kwa sababu hawakuwahi kutoa albamu Nairobi. Siku hizi chema kisipotajwa na mtu kinakaa kwenye apu kama kioski kilichofunguliwa saa tisa usiku: taa inawaka, mteja hayuko.

Sasa niambie. Albamu ya mwisho uliyosikiliza yote, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ni gani? Na ulimwambia nani?

Kwa base yetu tuna mchezo. Kila mwisho wa mwezi, kila msee anakuja na albamu moja. Masharti ni matatu. Kwanza, uwe umeisikiliza yote si chini ya mara mbili. Pili, utaje wimbo wa kuanzia. Tatu, useme inafaa kusikilizwa wapi: kwa matatu, jikoni, ama usiku usingizi ukikataa. Ukisema tu "ni kali, iskize", unanyamazishwa hapo hapo. Kila mtu anasema ngoma yake ni kali.

Hivyo ndivyo nimepata vitu ambavyo apu haingenipa. Mmoja alileta Victims of Madness ya Wakadinali, ya 2020, akatuonya tusiisikilize tukiwa na haraka manake Sheng yao inapita mbio na utani mwingi umefichwa katikati. Mwingine alileta Duma, albamu ya kwanza ya vijana wawili wa Nairobi wanaopiga metal, iliyotolewa mwaka huo huo na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nusu yetu tuliziba masikio, nusu ikataka irudiwe. Wa tatu alileta Peel ya KMRU, mzaliwa wa Nairobi. Hakuna anayeimba humo, ni sauti zinatambaa polepole. Alisema ni ya kusomea mtihani. Mimi niliachana na chuo, kwa hivyo naitumia kuandikia.

Kuna aliyeleta Alusa Why Are You Topless? ya Bien, ya 2023, albamu yake ya kwanza nje ya Sauti Sol. Wengi tulidhani tunaijua kwa sababu tulijua nyimbo mbili za redioni. Alitukalisha mpaka mwisho.

Utauliza, na hii yote inakuhusu nini? Inahusu doo. Tangu 2024, Spotify hailipi wimbo chochote mpaka usikilizwe angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Na ukiuruka kabla ya sekunde 30, hiyo haihesabiwi kabisa. Ni kama kupiga hodi kisha ukaenda zako.

Kwa msanii mkubwa, 1,000 ni kitu cha dakika chache. Kwa yule anayerekodi chumbani kwake huku jirani akichemsha githeri, ni mlima. Lakini piga hesabu. Watu 20 wakisikiliza wimbo mmoja mara moja kwa wiki, baada ya wiki 50 ni mara 1,000. Watu 20 hawatoshi hata timu mbili za kandanda! Wewe peke yako ukirudia wimbo usiku kucha hutamsaidia, manake Spotify inataka pia wasikilizaji tofauti. Lazima uambie wenzako.

Ukweli usemwe, kuvuka huo mstari hakutamlipia kodi ya nyumba. Ndio maana, ukiwa na kitu mfukoni, nunua. Duma na KMRU wote wanauzwa Bandcamp, na hapo hesabu inabadilika. Albamu ya dola 7 ikiuzwa kwa njia ya dijitali, Bandcamp inachukua asilimia 15. Zinazobaki, ukitoa ada ya malipo, zinaenda kwa msanii au lebo yake. Kuna Ijumaa fulani, walizoanzisha 2020, ambapo Bandcamp inaacha fungu lake kabisa. Huna kadi ya benki? Kadi ya M-Pesa GlobalPay imetengenezwa kwa malipo kama hayo ya mtandaoni. Na faili ni yako. Bando likiisha, muziki unaendelea.

Na kama huna pesa mwezi huu, sawa tu, wengi wetu tuko hivyo. Bado una mdomo. Rafiki yako anakuamini kuliko tangazo lolote, kwa sababu anajua unachokipenda na unachokichukia.

Kwa hivyo wikendi hii chagua albamu moja. Usirushe linki kwa grupu ya watu 200 halafu upotee, hakuna atakayeifungua. Chagua mtu mmoja. Mwambie aanzie wimbo gani, na kwa nini umemfikiria yeye. Halafu wiki ijayo ukikutana naye steji, usimuulize kama aliipenda. Muulize alifika wimbo wa ngapi.