Bahari Haichoteki kwa Ndoo

Swali ni lilelile, na linaulizwa kwa maneno yaleyale: "Nichote maji ya bahari sehemu gani, na niyabadilishe kila baada ya siku ngapi, ili samaki wasife?" Anayeuliza huwa ameshanunua tangi la kioo, taa na pampu, ameshachota maji Coco Beach au Nyali ndoo kwa ndoo, ameshamwaga mchanga, na jioni ileile ametia samaki watano au sita. Siku mbili za mwanzo samaki wanakula vizuri. Siku ya nne wanapanda juu na kuhema kwa kasi, mashavu wazi, rangi imefifia. Siku ya saba wameanza kuelea. Mwenye tangi anahitimisha kwamba maji yale hayakuwa mazuri, anayamwaga yote, anachota mengine, ananunua samaki wengine, na mambo yanakuwa yaleyale. Niseme waziwazi: mahali pa kuchota maji ni jambo la pili, pengine la tatu. Samaki wale waliuawa na sumu waliyoitoa wenyewe, ndani ya tangi lisilokuwa na viumbe wa kutosha wa kuiondoa. Hata kama maji yangechotwa katikati ya Mkondo wa Pemba, wangekufa vilevile.

Imani inayowaua ni hii: kwamba maji ya bahari yana uhai wa bahari ndani yake, kwa hiyo samaki akitiwa humo yuko kwao. Inasikika kama akili ya kawaida, ndiyo maana haifi. Lakini hesabu ndogo inaivunja. Chukua tangi la lita 200. Chakula kikavu cha samaki, nusu yake hivi ni protini, na katika kila gramu 100 za protini gramu 16 hivi ni naitrojeni. Gramu moja ya chakula, ambayo ni kiasi cha kubana kwa vidole, inaingiza tangini miligramu 80 za naitrojeni. Sehemu samaki anajengea mwili, na sehemu kubwa anaitoa kama amonia kupitia mashavu. Tuseme, kwa kumpendelea mwenye tangi, kwamba ni nusu tu inayotoka: miligramu 40 katika lita 200, yaani miligramu 0.2 kwa kila lita, kwa siku moja. Siku ya tano imefika miligramu 1. Na maji ya bahari yanaifanya amonia iwe kali zaidi, kwa sababu ni ya alikali. Katika maji yenye pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu kali haifiki asilimia moja; kwenye pH ya 8.2, ambayo ndiyo hali ya bahari, sehemu hiyo ni zaidi ya mara kumi. Kipimo ambacho perege wa bwawani angekivumilia kinaunguza mashavu ya samaki wa mwamba.

Hapo mtu hujibu: basi nitabadilisha maji mara kwa mara. Tuifuate hesabu mpaka mwisho. Ukimwaga nusu ya maji umeondoa nusu ya amonia, hakuna zaidi. Tuseme kila Jumamosi unamwaga lita 100 na kutia lita 100 safi kabisa, kazi ambayo wachache wataidumu nayo hata miezi miwili. Kila wiki inaongeza miligramu 1.4 kwa lita, na kila Jumamosi unapunguza nusu ya kilichopo. Baada ya wiki kadhaa tangi linatulia katika mzunguko wa kupanda hadi miligramu 2.8 na kushuka hadi 1.4, bila kukaribia sifuri hata siku moja. Kwa samaki wa mwamba hicho ni kifo cha polepole. Hakuna idadi ya ndoo anayoweza kuibeba binadamu wa kawaida itakayofanya kazi hii, na ndiyo sababu sitaki tena kuulizwa ni kila baada ya siku ngapi. Baharini kwenyewe samaki haishi kwa kubadilishiwa maji peke yake. Maji yanapita, ni kweli, lakini pia kila jiwe, kila chembe ya mchanga na kila jani la mwani linaila amonia papo hapo.

Wanaoifanya kazi hiyo kwenye tangi ni bakteria wa aina mbili. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa miaka mingi vitabu vya wafugaji viliwataja Nitrobacter kama wenye kazi ya pili, hadi Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha mwaka 1998 kwamba katika matangi ya maji baridi wanaofanya hivyo ni Nitrospira. Jambo la kushika ni makazi yao. Bakteria hawa wanajishikiza: wanaishi kwenye jiwe, kwenye mchanga, kwenye sifongo ya chujio. Hawaelei kwa wingi majini. Kwa hiyo anayesema "maji ya bahari yana bakteria" anasema kweli isiyomsaidia, kwani hao anaowahitaji ni wachache mno ndani ya ndoo. Wengi waliomo ni viumbe wadogo wa planktoni, ambao wakikaa gizani bila mkondo wanakufa kwa siku chache, wanaoza, na kuongeza amonia ileile unayoikimbia. Tena bakteria hawa huzaliana taratibu sana. Wengine wa majini huongezeka maradufu ndani ya dakika kadhaa, hawa huhitaji saa nyingi hadi siku nzima. Tangi jipya linahitaji wiki nne hadi nane, na hakuna pesa inayofuta muda huo wote.

Wenye hoja nzito zaidi humtaja Lee Chin Eng wa Jakarta, na hoja yao inastahili jibu. Mwaka 1961 bwana huyu alieleza katika jarida la Marekani jinsi alivyofuga samaki na matumbawe kwa maji ya bahari ya kawaida, mwanga, na mapovu ya hewa tu, bila chujio la aina yoyote. Matangi yake yalistawi wakati matangi ya wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani yalikuwa makaburi. Je, si ushahidi kwamba maji ya bahari yanatosha? Hapana, ni ushahidi wa kinyume chake. Lee alijaza matangi yake mawe yaliyotoka mwambani yakiwa hai, yenye matundu yaliyojaa bakteria, minyoo, sponji na mwani. Mawe yale ndiyo yaliyokuwa chujio. Wenzake wa Ulaya walikuwa na maji ya chumvi pia, lakini mapambo yao yalikuwa matumbawe makavu yaliyosafishwa mpaka kuwa meupe. Kilichotofautiana kilikuwa uhai wa jiwe, na mbinu nyingi za leo za kufuga matumbawe nyumbani zimejengwa juu ya jambo hilo. Asitokee mtu wa kuchukua hadithi hii kama ruhusa ya kwenda na mtaimbo kwenye mwamba. Matumbawe ya pwani yetu yalipata pigo kubwa la joto mwaka 1998, mengi yakapauka na kufa. Kuyang'oa bila kibali ni kosa, na katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu huruhusiwi kuchukua hata kombe. Jiwe kavu lenye matundu, likipewa muda, linakuwa jiwe hai.

Imebaki hoja ya jirani: "Fulani alitia samaki siku ya kwanza na mpaka leo wako." Inawezekana. Alitia samaki mmoja mdogo mgumu, akamlisha kidogo, au alipewa jiwe kutoka tangi la zamani bila kujua kwamba amepewa chujio zima. Samaki mmoja aliyepona hafuti mamia waliotupwa chooni, ambao hakuna anayewahesabu. Zaidi ya hapo, kumtia samaki hai ili "aanzishe" tangi ni kumtesa bure, kwa sababu amonia ya dukani au kipande cha kamba kinachooza kinafanya kazi hiyohiyo bila mashavu ya kiumbe kuungua. Kuhusu chupa za bakteria: zipo zinazosaidia kweli, endapo zina bakteria wenyewe na hawakupikwa na jua bandarini au kwenye buti la gari. Hupunguza wiki kadhaa. Hazikuondolei wajibu wa kupima, na muuzaji anayekuambia utie chupa na samaki kwa pamoja anauza samaki mara mbili.

Sasa maji yenyewe, kwa ufupi unaoyafaa. Ukiyachota, chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito. Pembeni ya Msimbazi au karibu na Sabaki inapomwaga tope lake jekundu siyo mahali, na wakati wa masika usichote kabisa karibu na ufuko, maana mvua inapunguza chumvi na kuleta uchafu wa mji. Yaweke kwenye pipa la kuhifadhia chakula lenye mfuniko, gizani, wiki mbili au tatu, yatulie, kisha uyachuje. Aliye Dodoma au Nairobi anunue chumvi maalumu ya akwariamu na kuichanganya na maji ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa osmosisi ya kinyume. Chumvi ya jikoni haifai hata kwa dharura: bahari ina magnesi, kalsiamu, salfati na potasi, na matumbawe hujenga mifupa yao kwa kalsiamu hiyo. Na hapa kuna kosa la pili kwa ukubwa. Kinachopanda hewani ni maji, chumvi inabaki. Tangi likipungua, ongeza maji yasiyo na chumvi. Anayeongeza maji ya bahari kila siku katika joto la Dar es Salaam anapandisha chumvi kutoka gramu 35 kwa kilo hadi kiwango ambacho tumbawe linajikunja na halifunguki tena.

Vifaa na hatua, basi. Tangi lisipungue lita 150, kwa kuwa katika dogo kosa dogo linakuwa kubwa upesi. Mawe makavu, mchanga wa aragonaiti, pampu mbili za mkondo, skima ya protini kama mfuko unaruhusu, refraktomita ya kupimia chumvi, vipimo vya amonia, nitriti, nitrati na alikali. Usiyachemshe mawe yaliyowahi kuwa na uhai: baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yana sumu inayopanda na mvuke na imewalaza watu hospitali. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Pwani huna haja ya hita, unahitaji feni inayopuliza juu ya maji, na ndiyo itakayoongeza kazi ya kujaza. Pampu ya hewa ya betri ni lazima, kwa sababu maji ya chumvi yenye joto hushika oksijeni kidogo, na umeme ukikatika usiku kucha unaweza kupoteza samaki na bakteria pamoja. Tia amonia hadi miligramu 2 kwa lita, taa ikiwa imezimwa, upime kila siku mbili. Katika vipimo vingi vya matone, kichupa kinageuka kijani palipo na amonia na kubaki manjano pasipokuwa nayo. Siku ambayo miligramu 2 ulizotia jana zinaonyesha manjano leo, tangi limeiva. Nitriti nayo isubiriwe ishuke, ingawa haina ukali ule unaotisha wafugaji wa samaki wa maji baridi, kwani kloridi ya bahari humkinga samaki. Badilisha maji mengi mara moja ili kushusha nitrati, kisha anza na konokono, halafu nemo wawili waliozalishwa kwenye matangi. Kila samaki mpya akae kwanza wiki nne peke yake katika tangi la pembeni, maana ugonjwa wa madoa meupe ukiingia kwenye tangi la matumbawe huwezi kutumia dawa ya shaba bila kuua konokono na matumbawe yenyewe. Usimnunue kangaja wa buluu ambaye watoto wanamwita Dory, kwa vile anafika sentimita 30. Matumbawe yaanze mwezi wa tatu au wa nne, na yawe laini: Sarcophyton, Discosoma, Zoanthus, ukivaa glavu. Acropora zingoje mwaka, mpaka uweze kushikilia alikali kati ya dKH 7 na 9 na kalsiamu kwenye miligramu 420 kwa lita bila kuyumba. Matumbawe magumu na makombe makubwa ya Tridacna yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo muuzaji akuonyeshe karatasi. Akishindwa, usinunue kwake hata jiwe.